Inategemea Wanakutana Wapi

Swali lilikuwa la alama 3, na mimi nilimpa sifuri. Lilikuwa jaribio la katikati ya muhula, Kidato cha Nne, somo la Baiolojia, katika shule iliyo kwenye mteremko wa Kilimanjaro, mahali ambapo asubuhi ukungu huingia darasani bila kupiga hodi. Niliuliza: utajuaje kwamba wanyama wawili wanaofanana ni wa spishi mbili tofauti? Jibu nililolitaka nilikuwa nimeliandika ubaoni wiki mbili kabla, wakalinakili na kulikariri: wanyama wa spishi mbili hawazaani, na wakizaana mtoto wao huwa tasa, kama nyumbu anayezaliwa na punda na farasi. Binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha aliandika sentensi moja tu. Aliiandika kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya mtihani, Kiingereza cha kuungaunga, nami nikikiweka kwa Kiswahili kinasema hivi: inategemea wanakutana wapi.

Nikaweka alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, na pembeni nikaandika maneno mawili: jibu swali. Kisha nikashika karatasi nyingine, kwa kuwa zilikuwa nyingi na taa ya sola ilikuwa imeanza kufifia. Najaribu kukumbuka nilivyokuwa usiku ule, na ninayemwona ni mtu aliyechoka ambaye hakuwa na shaka hata kidogo. Uchovu ningeweza kuusamehe. Ule utulivu wangu, ule wepesi wa mkono uliochora alama na kupita, ndio unaonirudia hadi leo.

Hakulalamika. Ila wakati wa mapumziko alinisubiri kwenye kibaraza cha ofisi, mikono nyuma. "Shikamoo mwalimu. Samahani, mimi lile swali nililijibu kwa sababu ya fuko." Babu yake alikuwa mtegaji wa fuko. Watu wenye vihamba, mashamba ya migomba ya huku, walimwita kila walipoona viazi vinanyauka bila ugonjwa na vichuguu vya udongo mbichi vimejitokeza kati ya migomba, naye aliwatoza kwa kila fuko aliyemtoa. Binti alimfuata tangu angali mdogo, akimbebea waya na panga. Alichojionea ni kwamba kila fuko ana njia zake chini ya ardhi na anaishi mle peke yake, na wakikutana wawili hupigana, isipokuwa katika siku chache za kutafutana. "Sasa mwalimu, hata wa aina moja wasipokutana hawazai. Na wa aina mbili wakikutana, nani anawakataza?"

Nilimwambia jibu liko kwenye daftari lake, akalisome vizuri, mtihani wa taifa hauulizi habari za babu. Akasema, "Sawa mwalimu, asante," akaondoka. Nakumbuka soksi zake zilikuwa na udongo mwekundu hadi kwenye vifundo.

Ilipita miaka 7. Nilipata nafasi ya kwenda kusomea shahada ya pili, na katika maktaba, nikitafuta jambo jingine kabisa, nikakutana na makala fupi iliyochapishwa mwaka 1969 katika jarida la Science. Iliandikwa na watafiti watatu, Wahrman, Goitein na Nevo, na ilihusu fuko wasioona wa Israeli. Ningeipita kama si neno hilo. Nilipoona fuko nikasikia sauti ya mtu aliyesimama kibarazani mikono nyuma.

Fuko wale ni viumbe wa ajabu. Macho yao yamefunikwa na ngozi yenye manyoya, hayafunguki tangu kuzaliwa hadi kufa. Huchimba kwa meno na kusukuma udongo kwa kichwa kilicho bapa, na kila mmoja hukaa peke yake kwenye mahandaki yake, mkali kwa yeyote anayeingia. Wakitaka kupelekeana habari hugonga dari la handaki kwa kichwa, mtetemo ukapita ardhini hadi kwa jirani. Msimu wa mvua jike hujenga kichuguu kikubwa na dume huchimba kumwendea. Nilisoma haya nikiona mambo yote aliyonieleza binti yule, na baadaye nikajua kwamba hilo halikuwa jambo la kubahatisha. Fuko wa Kilimanjaro na wa nyanda za juu za Kenya, wale wenye vijicho vidogo na meno ya rangi ya chungwa, wamewekwa na wanasayansi katika familia moja na hao wasioona wa Galilaya. Wapo fuko wengine nchini kwetu walio wa ukoo mwingine kabisa, na kundi lao moja lilipewa mwaka 2006 jina la kisayansi la Fukomys, neno letu fuko likaunganishwa na neno la Kiyunani la panya. Lakini wa kwa babu yake ni ndugu wa wale. Nilikuwa nimefukuza kibarazani habari za ndugu wa wanyama wale wale ambao sasa nilikuwa nikisoma habari zao kwa heshima kwa sababu tu zimechapwa.

Walichokigundua watafiti wale ni kwamba fuko wa nchi ile, ambao kwa kuwatazama huwezi kuwatofautisha, wamegawanyika makundi manne kwa hesabu ya kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi ndani ya kila chembe ya mwili. Galilaya ya juu, penye baridi na unyevu, wanazo 52. Miinuko ya Golan 54. Galilaya ya chini na mlima Karmeli 58. Kuanzia Samaria na Yudea kushuka hadi ukingo wa jangwa la Negev, penye joto na ukame, 60. Mwaka 2001 Eviatar Nevo, aliyewafuatilia kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Haifa, pamoja na wenzake, alilipa kila kundi jina lake la spishi.

Hesabu hizi zilinitatiza hadi nilipofikiria doti ya kanga. Mimi ni mtu wa Tanga, na mama yangu alikuwa na kanga ambazo hakuzikata, ziko kama zilivyotoka dukani, pande mbili zimeshikana. Jirani akikata za kwake na kuzipinda, ukihesabu vitambaa utasema jirani anazo mara mbili. Ukipima kitambaa ni kile kile, maua yale yale, jina lile lile. Kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyo kwa fuko hawa: uzi mmoja mrefu wa upande huu ni nyuzi mbili fupi za upande wa pili. Wakikutana, mtoto hupokea nusu kwa kila mzazi. Wa 58 anatoa 29, wa 60 anatoa 30, na mtoto anazo 59, hesabu isiyogawanyika kwa mbili. Anapofikia naye kugawa urithi wake, nyuzi inabidi zijipange mbili mbili, na hapo uzi mrefu unalazimika kushikana na nyuzi fupi mbili. Mara nyingine mpangilio huo unakwenda salama, mara nyingine unakwenda kombo.

Na wanakutana. Hilo ndilo lililonifanya niweke kalamu chini. Pale ambapo nchi ya kundi moja inagusa nchi ya kundi jingine kuna ukanda wanamoishi chotara, nao si tasa kama nyumbu wangu wa ubaoni. Nevo na mwenzake Bar-El waliandika habari zao mwaka 1976. Kati ya wa 58 na wa 60 ukanda una upana wa kama mita 320. Kati ya wa 54 na wa 58 unazidi kidogo mita 700. Kati ya wa 52 na wa 58 unakaribia kilomita 3. Ukitoka nje ya ukanda, upande wowote, chotara humwoni tena.

Niliporudi shuleni nilifanya jambo ambalo sikumwambia mtu. Jioni moja wanafunzi wakiwa bwenini nilianzia kwenye geti nikahesabu hatua 320 ndefu kushuka barabara ya vumbi. Nilipita duka la muuza sabuni, nikapita bomba la maji, nikapita mti wa mparachichi wa watu wa kanisani, nikafika kwenye daraja la mfereji. Ni mwendo wa dakika 4. Nikasimama darajani nikatazama nilikotoka. Kama getini ni spishi moja na darajani ni nyingine, pale kwenye bomba ni nini? Nilikuwa nimefundisha mpaka kwa miaka mingi kama mstari wa chaki, kitu kisicho na upana, na sasa nilikuwa nimetembea ndani ya mmoja wenye duka na mti wa matunda.

Ile tafsiri ya spishi niliyoikariri nikiwa mwanafunzi chanzo chake ni Ernst Mayr, katika kitabu chake cha mwaka 1942. Nilikuwa nikimtaja Mayr darasani kama hakimu. Sikuwahi kumsoma. Nilipomsoma nikakuta katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1963 ametenga sura nzima kuzungumzia chotara, jinsi vizuizi kati ya spishi vinavyovunjika. Mwenye tafsiri alikuwa ameacha mlango wazi. Aliyeufunga ni mimi, pamoja na walimu walionifungia mimi kabla sijajua kwamba ni mlango.

Ningependa kusema kwamba hapo nilijifunza. Haikuwa hivyo. Nilichofanya ni kuhama kosa moja kwenda kosa jingine, na hili la pili lilinichelewesha zaidi kwa sababu lilikuwa tamu.

Ilikuwa zamu yangu kuzungumza mstarini asubuhi. Kulikuwa na ugomvi bwenini, watoto wa mlimani na watoto wa tambarare, matusi ya makabila, na mkuu wa shule aliniomba niseme neno. Nikawaambia habari za fuko wa Galilaya. Nikawaambia kwamba hata wanyama vipofu chini ya ardhi wameona kwamba mipaka ni uongo, wakaivuka, wakazaana. Nilizungumza vizuri. Watoto walipiga makofi, na mimi nikaenda darasani kifua kimejaa, nikidhani nimelipa deni la alama 3.

Mwalimu mwenzangu wa Hisabati, mtu wa maneno machache, alinisubiri hadi chai ya saa nne. Akaweka kikombe chini akaniuliza, "Mwalimu, kama mpaka ni uongo, mbona umeupima?" Nikamwuliza ana maana gani. Akasema kitu cha uongo hakina mita 320. Kama hakuna kinachowazuia, wangeendelea kuchanganyika kizazi baada ya kizazi, na kwa muda huo wote wangekuwa fuko wa namna moja toka Galilaya hadi jangwani. Kwa nini chotara wanaishia pale pale? Kisha akanywa chai yake. Hakunidharau. Aliuliza kama anavyouliza hatua iliyorukwa katika hesabu.

Nilirudi kusoma, safari hii kwa aibu kidogo, na nikaona nilivyokuwa nimesoma kama mtu anayetaka kusikia jambo fulani. Yalikuwa yameandikwa mle mle. Jike wa fuko akiwa tayari kupokea dume, mara nyingi zaidi humchagua wa kundi lake. Anamjua kwa harufu. Anamjua kwa sauti, maana madume hutoa mlio wa kubembeleza ambao una lahaja, wa Karmeli hawabembelezi kama wa Yudea; hilo Nevo na wenzake walilionyesha mwaka 1987. Chotara naye anasimama mahali pagumu, kila upande nchi ina wenyeji walioizoea zaidi hali ya hewa ya pale, na kwa kuwa fuko ni mnyama asiyekwenda mbali na alipozaliwa, urithi wake mchanganyiko hausafiri. Mpaka upo. Unavuja, na kuvuja kwenyewe kuna kiasi chake. Na si hao tu. Katika nyika za mto Volga nchini Urusi kuna kindi wa aina mbili wanaochimba mashimo ardhini, wakubwa na wadogo, nao wana chotara wao pale wanapokutana, huku kila aina ikibaki aina.

Sikujua nifanye nini na jambo hilo. Nilikuwa nimemtaka fuko awe shahidi wangu, kwanza shahidi wa ukuta, kisha shahidi wa kubomoa ukuta, naye mara zote mbili alikuwa akichimba tu. Watoto wa bwenini walihitaji kuambiwa waheshimiane kwa sababu ni watu, na hilo lilikuwa na uzito wa kutosha bila fuko. Ndivyo ninavyoona sasa, ingawa nimewahi kuona vingine na kuwa na uhakika vile vile. Hata neno chotara silitumii tena kwa wepesi. Huku mlimani mkulima akisema chotara anasifu mbegu ya mahindi, ingawa anajua msimu ujao itabidi anunue nyingine. Nyumbani Tanga nimelisikia likitamkwa juu ya mtoto wa jirani kwa namna iliyomfanya ainamishe kichwa. Neno ni lile lile; lilikokutana na mtu ndiko kulikobadilika.

Mwaka jana, likizo ya Desemba, nilikwenda kumtafuta yule mzee mtegaji wa fuko. Nilikuta bado yuko hai, mwembamba, amevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa limetoka. "Shikamoo Babu." "Marahaba. Karibu mwalimu." Hakunijua, ila viatu vya mwalimu alivijua. Nilimwambia nilimfundisha mjukuu wake, akafurahi, akasema yuko Dodoma, ana cherehani mbili na watoto wawili, na kabla sijasema zaidi akampigia simu na kunikabidhi.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njiani. Nikamwambia kuna swali nililomkosesha, kwamba jibu lake lilikuwa na maana na mimi sikulisikiliza, na kwamba nimekuja kuomba radhi. Simu ikawa kimya, nikasikia cherehani ikikata. Akasema, "Mwalimu, silikumbuki kabisa." Kisha, kwa upole, kama anayetaka kunipa kitu nisiondoke mikono mitupu: "Nakumbuka ulitufundisha nyumbu. Kwamba hazai." Nikamshukuru. Akaniuliza kama babu amenionyesha mtego, nikasema bado, akasema, "Mwambie akuonyeshe ule wa kwenye masale."

Wachaga hupanda masale kwenye mpaka wa kihamba na kihamba, na mtu aliyekosana na mwenzake hupeleka jani lake kuomba asamehewe. Nimeishi huku muda mrefu wa kutosha kulijua hilo, na sikuwahi kulitazama sale lenyewe kwa karibu. Mzee alipiga magoti chini yake. Alichokonoa kichuguu kwa ncha ya panga hadi tundu likafunguka, la duara, safi, kama limepigwa kwa ngumi, ukuta wake umelainika kwa kupitwapitwa. Lilikuwa limekatiza moja kwa moja chini ya mstari wa masale. Akaweka kitanzi cha waya ndani, akakifunga kwenye ufito wa mti alioupinda hadi ukalia, akauzuia kwa kijiti. Tundu akaliacha wazi. Fuko havumilii upepo kuingia kwake, alinieleza. Akiusikia tu atakuja kuziba.

Tukakaa chini kwenye majani ya migomba makavu. Nikamwuliza, "Babu, huyu ni wa kwako au wa jirani?"

Alitazama masale, akatazama tundu. "Ngoja tuone anatokea upande gani."

Tukanyamaza. Jua lilihama kutoka mguu wangu mmoja hadi wa pili. Halafu, ndani kule, udongo ukaanza kusukumwa polepole kuja kwenye mwanga.